Visigino vya Kirumbi

Nani wa kwanza? Ni swali la ovyo kuliko yote aliyowahi kujiuliza mwanadamu, na ndilo analolipenda kuliko yote. Hakuna aliyewahi kusema "mimi nitakuwa wa mwisho" akachinjiwa mbuzi. Lakini sema wewe ni wa kwanza, au babu yako, au babu wa babu yako, uone watu watakavyokupisha kitini. Katika nchi hii, ambayo haina jina kwa sababu kila aliyeingia aliipa la kwake na kulifuta la mwenzake, wa kwanza ni ukoo wa Kirumbi. Hakuna asiyejua. Kirumbi alifika peke yake, jembe begani, akakuta pori. Alifyeka, akachoma, akapanda, akawasha moto ambao haujazimika hata leo katika jiko la ukoo. Kirumbi akamzaa Mbazi. Mbazi akamzaa Kajiru. Kajiru akamzaa Senzota. Senzota akamzaa Nambua, na Nambua asubuhi ya siku ya jembe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, nyayo zimegusa sakafu ya baridi, anaona haya wala hajui anamwonea haya nani.

Haya yenye sababu ina nafuu. Utaomba radhi, utalipa, ukizeeka utaifanyia hata mzaha. Hii ya Nambua ilikuwa haya yatima, haina baba wala mama, imelala tu kifuani na inataka kunyonyeshwa. Ilimwanza kiangazi kilichopita, siku maradhi yalipomkamata baba yake na kuuchukua ulimi wake. Mzee Senzota sasa alikuwa mtu wa kukalishwa kwenye kigoda uani, blanketi magotini, macho mazima na mdomo umekufa. Ndugu wa Nambua walikwisha kutangulia mbele ya haki, na jembe hushuka kwa mtoto, haliendi kwa ndugu. Kwa hiyo jembe la ukoo, ambalo halikuwahi kushikwa na mwanamke siku ya kupanda, lilimwangukia yeye, mama mtu mzima mwenye mvi mbili tatu na magoti yanayolia kila apandapo mlima.

Mila yenyewe ni nyepesi, hata mtu mzito wa kichwa hawezi kuikosea. Watu wakishakusanyika shambani, mshika jembe anakitaja kizazi mpaka kwa Kirumbi. Kisha anaitwa shahidi, naye lazima awe mtu wa bondeni, asiwe wa ukoo, maana mtu hajitolei ushahidi mwenyewe. Mshika jembe anauliza: "Kirumbi alikuta nini hapa?" Mtu wa bondeni anajibu: "Pori." Anapewa kikapu cha mbegu, anashukuru, anashuka zake. Ukoo unacheza ngoma ya visigino, na baada ya hapo ndipo mbegu ya kwanza inapotua ardhini. Neno moja tu hilo, lakini shamba zima limekaa juu yake. Katika nchi hii ardhi ni ya aliyekuta pori. Aliyekuta watu ni mgeni, hata akikaa mpaka mifupa yake iwe udongo, na mgeni hana shamba. Neno lile likikosekana mwaka mmoja tu mbele ya watu, ukoo wa Kirumbi ni wageni.

"Usije ukatutia aibu, mama," baba yake mdogo Kazeni alimwambia jana yake, akichokonoa meno. Kazeni ndiye aliyeupenda ukoo kuliko wote, na jembe alilijua kwa kulipiga picha. "Sauti iwe nene. Wanawake mna kawaida ya kuuliza kama mnaomba chumvi."

Kabla watu hawajafika, mshika jembe hushuka peke yake ngazi za shamba, toka ya juu hadi ya chini, kuwasalimu waliotangulia. Shamba la ukoo limechongwa ubavuni mwa mlima, na kila kizazi kiliongeza ngazi yake juu ya kile kilichopita, hivyo anayeshuka anarudi nyuma. Nambua alitoka na jembe. Ukungu ulikuwa umelala juu ya udongo uliolimwa, na jua lilikuwa bado linajishauri. Aliiacha nyumba, akaiacha sauti ya Kazeni aliyekuwa akiwafokea wapishi, akakanyaga ngazi ya kwanza, na hapo hapo kidole chake cha mguu kikajikwaa kwenye kitu kigumu.

Kigae. Kipande cha chungu, ukubwa wa kiganja, kimetokeza ncha.

Kila mtoto wa ukoo ule anajua la kufanya akikutana na kigae kabla hajajua kuhesabu vidole vyake. Hukitazami. Husemi. Unageuza mguu, unakikandamiza kwa kisigino mpaka kizame, unaendelea na kazi. Kigae kikitazamwa kinafukuza mvua, ndivyo wanavyoambiwa. Na shamba lile lilikuwa na vigae visivyokwisha. Kila msimu jembe linaibua vingine, na kila msimu visigino vinavirudisha. Kisigino cha Nambua kiliinuka chenyewe. Lakini magoti, yale yale magoti yanayolia, yalikataa kupinda upande ule, akapepesuka, akaanguka kwa mikono, na uso wake ukawa karibu na kigae kiasi kwamba kutokitazama kungekuwa kazi zaidi kuliko kukitazama. Ulikuwa mdomo wa chungu. Pembezoni pake mtu alikuwa amebonyeza kidole gumba, tena na tena, kuuzunguka wote. Mistari ya ngozi ya kile kidole ilikuwa bado inasomeka kwenye udongo uliochomwa.

Alikifukua. Alipoinuka nacho mkononi, baba yake alikuwa amesimama mbele yake.

Si yule wa kigodani. Huyu alikuwa Senzota kijana, shingo imejaa, jasho linamchuruzika, na mdomo wake ulikuwa mzima kabisa. Alikuwa akikanyaga ardhi kwa kisigino, kushoto, kulia, kama mtu anayezima kipisi cha sigara.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa, udongo unakauka."

"Unakanyaga nini, baba?"

Senzota alitazama chini, kwanza kwa mshangao, kisha kwa kuudhika, kwa jinsi mtu anavyoudhika akiulizwa kwa nini anapepesa macho. "Nakanyaga alivyokanyaga baba," alisema. "Swali gani hilo? Muulize mwenyewe, yuko hapo chini."

Nambua alishuka. Ukungu ulizidi, na mikono iliyoshika jembe ikawa si mikono yake. Ilikuwa mipana, ina sugu mahali asipokuwa na sugu, na kidole cha pete kimekatika ncha. Aliijua mikono ile kwa kusimuliwa tu. Ilikuwa ya babu yake Kajiru, na sasa imeota kwenye viwiko vyake yeye. Hakuogopa. Alichoona ni haya, kwa sababu mikono ile ilikuwa inakijua kigae. Ilikigeuza kwa uzoefu, ikakipapasa ukingoni, ikapata alama za kidole gumba bila kuzitafuta.

"Ni chungu cha maharage," Kajiru alisema. Sauti ilitoka kwenye ngazi ya pili, au kwenye koo la Nambua, haikuwa wazi. "Chungu kizuri. Kilichomwa kwa moto mzuri."

"Cha nani, babu?"

"Sikuuliza. Mtu ukijua kwamba ni chungu, inatosha kukunyima usingizi. Ukiuliza ni cha nani utakula wapi? Mimi nilijua kwamba pori halifinyangi vyungu. Hilo nililijua. Baba yangu nilimuuliza mara moja tu, akalia, na mwanamume mzima akilia mbele ya mtoto wake, mtoto hafungui tena mdomo. Nilimzaa baba yako nikamfundisha kukanyaga, sikumfundisha kulia. Nilidhani namsaidia."

Na hivyo ndivyo ujinga unavyorithishwa, kwa mapenzi. Hakuna baba anayemkalisha mwanawe akamwambia, nakuachia uongo huu uutunze. Anamwachia shamba, jiko, wimbo, namna ya kuinua mguu. Kila anayepokea anapokea pungufu kidogo ya alichokuwa nacho aliyempa, mpaka mwisho kinabaki kisigino peke yake, hakina kumbukumbu wala dhambi, kinakanyaga. Nambua aliwaza hayo akishuka, au yalimwaza. Si mimi, alijiambia. Sikuwepo. Nilizaliwa nikakuta watu wanacheza. Nilikula. Sikuwepo, lakini nilikula. Nilishiba. Nilisoma kwa mahindi ya shamba hili, niliolewa kwa karamu ya shamba hili, sikuwepo. Tumbo langu lilikuwepo.

Kwenye ngazi ya tatu alimkuta Mbazi, mwana wa Kirumbi, amekaa kitako na ngoma mapajani. Huyu hakukanyaga. Alipiga ngoma polepole kwa vidole, huku machozi yakimtoka bila kelele, na alionekana mtu aliyezoea kulia kiasi kwamba hajifuti.

"Wewe ndiye uliyeitunga ngoma," Nambua alisema.

"Ningefanyaje? Baba alitukanyagisha shamba zima, mimi na mama na wadogo zangu, toka asubuhi. Vilikuwa vipande vingi mno. Tulikanyaga tukiwa tumenyamaza, na ule ukimya ulikuwa unatoboa masikio. Mwaka wa pili vikaibuka, tukakanyaga tena. Mwaka wa tatu nikasema, nikikanyaga kimya msimu mmoja zaidi nitapata wazimu. Nikaiwekea ngoma." Alipiga mara mbili, kisigino cha Nambua kikaruka. "Unaona? Aibu isipoimbwa inauma, ikiimbwa inakuwa mila. Watu wakaja kutazama. Wakapiga makofi. Wakasema, ukoo wa Kirumbi wana ngoma nzuri. Baba akanichinjia jogoo."

"Na wewe ulijua ni vyungu vya nani?"

Mbazi aliacha kupiga. "Mwanangu, mimi nilikula uji kwenye vyungu vile kabla havijavunjwa. Shuka chini. Mimi sina uso wa kukueleza."

Ngazi ya chini kabisa haikuwa na ukungu. Ilikuwa mchana, jua la njaa, na Nambua hakuwa tena Nambua. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka hadi damu. Tumbo lilikuwa limeshikana na mgongo. Nyuma yake mke na watoto walikuwa wamekaa chini kwa sababu kusimama kulikuwa kumewashinda, na begani hakuwa na jembe. Hakuwa na kitu. Alikuwa Kirumbi, na hakuwa wa kwanza wa chochote isipokuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Mbele yake palikuwa na nyumba. Palikuwa na migomba, na kunde zilizotambaa, na moshi, na mama mmoja mnene amechuchumaa akibonyeza kidole gumba kwenye mdomo wa chungu kibichi. Aliinua macho, akawaona, akaacha kazi.

"Karibuni," alisema. "Mgeni njoo mwenyeji apone. Hao watoto wamekula lini?"

Aliwapa uji. Aliwapa mahali pa kulala karibu na moto. Siku ya tatu, akicheka, alikuja na jembe. "Nyumbani kwetu mgeni ni siku mbili," alimwambia Kirumbi. "Ya tatu tunampa hili. Usinune, ndugu yangu, si kwamba nakufukuza. Nakufanya mtu wa hapa." Akamwonyesha udongo unapendaje kupasuliwa, na kunde zinakaa wapi, na maji yanapita njia ipi. Kirumbi alijifunza. Alikuwa mkulima hodari, hilo nalo tuseme kweli. Alilima pembeni mwa wenyeji wake akala nao, na kila tonge alilokula mezani pa watu lilimshuka kooni pamoja na haya.

Kisha ukaja mwaka chemchemi ilipokauka. Watu wa nyumba ile wakaamua kushuka bondeni kwa kiangazi kimoja, kwenye kinamasi, ambako maji hayakosi na mbu hawakosi pia. Kirumbi alibaki, kwa kuwa mkewe alikuwa mjamzito na hawezi mteremko. Yule mama alifunga mzigo wake, akaacha vyungu vyake vyote vimepangwa ukutani, akasimama mlangoni.

"Kirumbi, tutunzie moto," alisema. "Tutarudi na mvua."

Na mvua zikaja. Kirumbi alikuwa amesimama pale ilipo ngazi ya chini, jembe mkononi, akawaona wanapanda. Wamekonda. Wengine hawapo, kinamasi kimewachukua. Mwili wake ulikumbuka njia nzima aliyoijia siku ile, mkono ulionyooshwa, watoto waliokaa chini. Wakifika tu, atakuwa mgeni tena. Atakuwa mtu wa kuambiwa asante kwa kulinda. Watu husema aibu humfuata aliyekosa. Mara nyingi ni kweli, lakini kuna inayotangulia, na hiyo ndiyo mbaya. Kirumbi hakuona haya kwa sababu alitenda ubaya. Alitenda ubaya kwa sababu alikuwa ameona haya mno na hakutaka kuiona tena. Aligeuka, akaingia ndani, akavichukua vyungu vilivyopangwa ukutani, kimoja kimoja, kila kimoja kina kidole cha mwenyewe kuzunguka mdomo, akavivunja. Akawaita mkewe na watoto. Kanyageni, alisema.

Walipofika, alikuwa amesimama njiani.

"Ninyi ni akina nani?"

Yule mama, aliyekuwa mnene na sasa si mnene, alicheka. "Acha utani, Kirumbi. Tupishe, mtoto anataka uji."

"Ninyi ni akina nani?"

Kicheko kilikaa kidogo usoni pake, kikakosa pa kwenda, kikaondoka. Mtoto mgongoni alilia. Kirumbi alikuwa na kikapu miguuni, kimejaa kunde. Alikisukuma mbele kwa mguu. "Mbegu hizi nitakupa," alisema. "Mtapanda huko chini, mtaishi. Sema tu mbele ya wote hawa. Nilikuta nini hapa?"

Mama aliitazama nyumba. Alilitazama jembe alilompa yeye. Alikitazama kikapu, na kilikuwa kikapu alichosuka mwenyewe, na kunde zilikuwa kunde zake. Mtoto alilia tena. Akafungua mdomo akasema neno lile, na Nambua alilisikia likitamkwa na wakati huo huo alilisikia koo lake lenyewe, koo la Kirumbi, likilimeza kama chakula.

Alipozinduka alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi ya chini, kigae kiganjani, na jua limepanda. Watu walikuwa wamekwisha kujaa shambani. Mtu alikuwa akipasha ngozi ya ngoma kwenye moto. Haya ya Nambua ilikuwa imepata baba na mama, na haikuwa imepungua hata kidogo. Alitamani ardhi ipasuke immeze, kisha akakumbuka ardhi yenyewe ni ya nani, akaona haya hata kwa kutamani.

"Ulikuwa wapi?" Kazeni alimjia mbio, kanzu mpya, jasho puani. "Wageni wamefika, baba yako tumemleta na kigoda chake, shahidi anasubiri. Futa magoti hayo."

Shahidi alikuwa Nakiete. Kila mtu alimjua Nakiete wa bondeni. Aliuza vyungu sokoni, alikuja kupalilia msimu wa palizi, na alikuwa na ulimi wa kuwaumbua wapunguza bei. Mwaka baada ya mwaka ndiye aliyeitwa kusema pori, na kabla yake mama yake. Alikuwa amesimama mahali pake, khanga imefungwa kiunoni, anatazama mawingu kwa macho ya mtu mwenye kazi nyingine. Nambua alikuwa na chungu nyumbani alichonunua kwake. Alikipikia maharage jana tu. Mdomo wake una alama za kidole gumba kuuzunguka wote.

Alikitaja kizazi. Sauti ilitoka nene kuliko Kazeni alivyotarajia. Senzota mwana wa Kajiru, Kajiru mwana wa Mbazi, Mbazi mwana wa Kirumbi. Watu wakaitikia. Kisha alimwendea Nakiete kuuliza swali, na badala ya kuuliza akafungua kiganja.

Nakiete alikitazama kigae. Hakushtuka. Alikichukua, akaweka kidole gumba chake kwenye alama moja, kikaenea.

"Aa," alisema kwa sauti ya chini. "Leo mmekitazama."

"Mama, mlikuwa mnajua?"

"Mwanangu, haya nimeambiwa nikiwa mgongoni. Ninyi ndio mliokuwa mnasahau. Sisi tulikuwa tunanyamaza tu."

"Kwa nini hamkusema?"

"Tumwambie nani? Anayetuuliza ndiye aliyekuwa anajua jibu." Akamrudishia kigae. "Sasa uliza upesi. Mvua inakuja na nina wajukuu. Napanda hapa kila mwaka nasema neno lenu, nachukua mbegu, njiani natema mate. Ndiyo kazi niliyorithi. Wewe fanya yako."

Nambua alijua aibu ina ngazi, na alidhani amefika ya chini. Kumbe ilikuwepo hii. Kwamba mtu uliyemdhulumu anakuharakisha umalizie, kwa sababu wajukuu hawajala.

Alikiinua kikapu cha mbegu, akampa.

"We! We!" Kazeni aliruka. "Mbegu inatangulia wapi? Neno kwanza!"

"Chukua na jembe, mama," Nambua alisema. "Kisha niulize wewe."

"Usinitwishe aibu yako, mwanangu," Nakiete alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ukali. "Mimi nimebeba njaa, inanitosha. Unataka nikuulize ili upate kulala usingizi?"

"Silali hata hivyo. Niulize ili wasikie."

Nakiete alilipima jembe mkononi. Aliligeuza huku na huku, mpaka watu wakaanza kunong'ona, mpaka Kazeni akawapungia wapiga ngoma kwa hasira, pigeni, pigeni, na ngoma ikaanza kabla ya wakati wake. Visigino vya ukoo mzima vikainuka. Vumbi likatimka. Nambua alihisi kisigino chake mwenyewe kinaiacha ardhi, kitiifu, kimefundishwa vizuri.

"Ulikuta nini hapa?" Nakiete aliuliza.

Hakuuliza kwa sauti nene. Aliuliza jinsi mtu anavyomuuliza jirani aliyemwachia nyumba.

"Tulikuta watu," Nambua alisema. Ngoma ilimfunika. Akapaza sauti mpaka koo likauma. "Tulikuta watu! Tulikuta moto unawaka, mkatuambia tuutunze. Mlisema mtarudi na mvua. Mlirudi, tukawauliza ninyi ni akina nani."

Mpiga ngoma mmoja aliacha, na mwingine akaacha kwa kuwa mwenzake ameacha. Kazeni alikuwa na mdomo wazi. "Umetuvua nguo," alisema, si kwa kelele. Alikuwa karibu kulia. "Mwanangu, umetuvua nguo mbele za watu. Sasa sisi ni nani?" Watu wa ukoo walikuwa wamesimama katika mistari yao, wengi bado mguu mmoja juu, hawajui pa kuuweka.

Nambua alimsubiri Nakiete aseme kitu. Alisubiri matusi, au machozi, au ule msamaha ambao alikuwa ameapa moyoni hautaki na alikuwa anautaka kwa roho yake yote. Nakiete hakutoa kimojawapo. Alilishusha jembe chini, akaweka kikapu juu yake, akanyoosha mkono.

"Nipe hicho kigae."

Nambua alimpa.

"Nipisheni," Nakiete alisema. "Nikapalie makaa."

Walimpisha. Alipita katikati yao, akapanda ngazi za shamba zote bila kutazama kushoto wala kulia, akaingia katika jiko la ukoo, mahali ambapo mtu wa bondeni hajawahi kukanyaga. Alipotoka alikuwa ameshika kile kigae kwa pembe ya khanga, na juu yake kaa moja jekundu. Alishuka nalo polepole, akilikinga upepo kwa kiganja, mpaka ngazi ya chini kabisa. Hapo alichuchumaa, akalitua, akatafuta majani makavu, akaanza kupuliza. Matone ya mvua yalikuwa yameanza. Hakumwita mtu kumsaidia, na hakuna aliyethubutu.

Nambua aligeuka, akamwendea baba yake. Mzee Senzota alikuwa kwenye kigoda chake, macho yameelekea kule chini kwenye moshi, na yalikuwa yamejaa maji. Nambua alipiga magoti mbele yake. Alitaka kumwambia kwamba imekwisha. Ndipo alipoona blanketi linatikisika. Ngoma ilikuwa imekwisha kunyamaza, shamba zima limenyamaza, lakini chini ya blanketi kisigino cha baba kilikuwa kinakanyaga, kushoto, kulia, kushoto. Nambua alikishika kwa mikono yake miwili. Alikikandamiza kwa nguvu zake zote. Kikaendelea kukanyaga.